Uzi Unaohoji Maandishi: Kufundisha Zama za Kati kwa Hariri

Ndugu walimu, ndugu wa makumbusho na maktaba, wakubwa zangu shikamooni, na wengine nyote habari za asubuhi.

Tuanze na mizani. Ili upate kilo moja ya uzi mbichi wa hariri unahitaji vifukofuko vipatavyo 5,000, yaani vifuko vya uzi ambavyo viwavi wa hariri hujifungia ndani yake. Viwavi 5,000 hao, tangu kuanguliwa mpaka kujifungia, hula zaidi ya kilo 100 za majani ya mforsadi. Katika vitabu vingi tunavyofundishia, kazi yote hiyo imefinywa ikawa neno moja ndani ya orodha: shanga, vyombo vya kauri, nguo, hariri. Mwanafunzi hulikariri, huliandika kwenye mtihani, basi.

Ninalopendekeza ni kuanzia upande wa pili. Darasa liujue uzi kwanza: unatoka wapi, unakatika kwa nini, unapungua uzito kiasi gani, unafumwaje. Kisha ujuzi huo tuuchukue twende nao kwenye maandishi ya Zama za Kati (karne ya 5 hivi hadi ya 15), tuyahoji. Mwandishi wa zamani alikuwa na bwana wa kumsifu au adui wa kumchafua, akatia chumvi. Kiwavi hajui kutia chumvi. Siku zake mwaka 552 zilikuwa zile zile za leo.

Kwa darasa moja viwavi 50 wanatosha, na boksi la katoni la sentimita 40 kwa 60 lililotandikwa gazeti linatosha kuwafugia. Mayai ni madogo kuliko mbegu za ufuta. Gramu moja ina mayai 1,500 hadi 2,000. Kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, yai lililo tayari huanguliwa ndani ya siku 10 hadi 12. Anatoka kiwavi mweusi wa milimita 3 hivi, naye siku hiyo hiyo anataka jani changa lililokatwakatwa membamba kama mboga ya kupika. Maisha yake ya ulaji ni siku 25 hadi 30, na katika muda huo hujivua ngozi mara nne. Kila anapokaribia kujivua huinua kichwa na kutulia tuli siku nzima. Wakati huo asiguswe wala asirundikiwe majani. Majani yakilundikana juu ya viwavi waliolala, unyevu unapanda, ukungu unaingia, na asubuhi darasa linakuta maiti.

Juma la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Kiwavi mmoja hula gramu 20 hadi 25 za majani katika maisha yake yote, lakini zaidi ya asilimia 80 ya hizo anazila baada ya kujivua mara ya nne, katika siku saba au nane tu. Viwavi 50 watataka kilo moja na robo ya majani. Wekeni hesabu ya kilo 2, maana kuna vikonyo na kuna majani yanayonyauka. Mwalimu aliyepiga hesabu kwa ulaji wa juma la kwanza atajikuta Ijumaa jioni hana jani, na duka la majani ya mforsadi halipo.

Mambo mengine yanayoua ni haya. Jani lenye maji ya mvua au umande huwaharisha. Lifutwe au likaushwe kivulini kwanza. Jani kutoka ukingo wa shamba lililopigwa dawa huua boksi zima kwa siku moja. Dawa ya mbu ya kuchoma, au ile ya kupuliza, ikitumika hata chumba cha jirani, huleta msiba huo huo. Siafu na sisimizi huzuiwa kwa kuiweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Mijusi huzuiwa kwa wavu tu. Na kuna ugonjwa mmoja, pebrini, unaomwacha kiwavi na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Huo hurithiwa kutoka kwa nondo mama kupitia yai, na uliikumba sana Ufaransa katika karne ya 19 hata Louis Pasteur akaushughulikia kuanzia 1865. Dawa yake haikuwa dawa. Nondo mama alitengwa atage peke yake, kisha akasagwa na kutazamwa kwa hadubini. Akionekana na vimelea, mayai yake yanachomwa. Kwa hiyo mayai msiyaokote kwa yeyote. Yatafuteni kwenye kituo kinachokagua nondo wake. Kwa Kenya, mahali pa kuulizia ni kituo cha utafiti wa hariri kilichoko Thika.

Sasa darasa limekwisha kuona yai na jani. Hapo ndipo tuwasomee Procopius.

Huyu alikuwa mwandishi wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Bizanti (Istanbul ya leo), karne ya 6. Anasimulia kwamba watawa waliotoka pande za India walimwendea mtawala wa dola hiyo, Kaisari Justinian, wakamweleza kwamba kiwavi mwenyewe hasafirishiki lakini mayai yanasafirishika. Wakaenda, wakarudi nayo, wakayafukia kwenye samadi yapate joto, yakaanguliwa, viwavi wakalishwa majani ya mforsadi. Wanahistoria huweka tukio hilo kwenye mwaka 552 au karibu yake. Waulizeni wanafunzi: mayai yalibebwa ndani ya nini? Watajibu bakora, kwa sababu hadithi iliyoenea ni kwamba watawa waliyaficha ndani ya bakora yenye uwazi. Bakora hiyo haimo kwa Procopius. Imo kwa mwandishi mwingine, Theophanes wa Bizanti, na kwake aliyeibeba si mtawa bali Mwajemi mmoja. Hadithi mbili zimeshonwa pamoja na mshono umefichwa vizuri.

Baada ya hapo boksi letu lianze kuuliza maswali. Yai lililo tayari huanguliwa kwa siku 10 hadi 12, na safari ile ilikuwa ya miezi. Kwa hiyo yalikuwa mayai ya aina inayolala majira ya baridi, na ilibidi yabaki kwenye baridi njia nzima. Samadi inayooza hutoa joto, basi sehemu hiyo ya simulizi inasimama. Na wingi je? Gramu 25 za mayai hutoa viwavi kama 40,000, na mzigo huo unaingia ndani ya bakora bila shida. Lakini viwavi 40,000 wanataka tani moja ya majani. Hapo wanafunzi wenyewe watagundua kwamba tatizo la Justinian halikuwa kuyaiba mayai. Tatizo lilikuwa miti, na mikono inayojua kuvuta uzi. Mforsadi mweusi ulikwisha kuwapo kandokando ya Mediterania. Shamba kubwa la kulisha viwanda vya mji mkuu halikuwapo. Ndiyo maana hariri mbichi ya mashariki iliendelea kununuliwa miaka mingi baada ya watawa wale.

Procopius huyo huyo, katika maandishi yake ya siri dhidi ya Justinian, anatuachia hesabu nzuri ya ubaoni. Anasema serikali iliamuru ratili moja ya hariri isiuzwe zaidi ya sarafu 8 za dhahabu, wafanyabiashara wakafilisika, kisha mweka hazina Petro Barsymes akaichukua biashara yote na kuuza wakia moja ya rangi ya kawaida kwa sarafu zisizopungua 6, na ile ya rangi ya kifalme kwa 24 au zaidi. Ratili ya Kirumi ina wakia 12. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuzidisha: sarafu 72 kwa ratili mahali pa 8, na 288 kwa ile ya kifalme. Kisha aulizwe swali gumu zaidi: tunalinganisha vitu vinavyofanana? Sarafu 8 huenda ni bei ya uzi mbichi, 72 ni ya hariri iliyokwisha kupakwa rangi. Na anayetuambia ni mtu aliyemchukia Justinian.

Tuje jikoni. Kiwavi aliyekomaa huacha kula, mwili unakuwa wa kupitisha mwanga kama zabibu ya kijani, naye anazungukazunguka akiinua kichwa. Mpeni vijiti vikavu au trei ya mayai iliyokatwa. Hujifungia kwa siku 2 au 3, akizungusha kichwa kwa umbo la nambari 8, bila kuukata uzi hata mara moja. Uzi wa kifukofuko kimoja una urefu wa mita 600 hadi 1,500. Kwa kweli ni nyuzi mbili za protini ya fibroini zilizofunikwa kwa gundi iitwayo serisini, na gundi hiyo ni kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wote. Shikeni habari ya gundi hiyo. Nusu ya historia ya ufundi wa hariri ni habari za gundi.

Vifukofuko huvunwa siku ya saba au ya nane. Mkingoja mpaka ya 12 hivi, nondo ataanza kutoka: hutema majimaji yanayolainisha gundi, anasukuma, na mahali alipopenya nyuzi zimevurugika, hazivutiki tena kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo pupa (namaanisha mdudu aliyelala ndani, si ile tabia yetu ya haraka) huuawa kabla. Mwaka 1313 Wang Zhen wa China aliandika njia tatu: kuanika juani, kuvifunika kwa chumvi ndani ya mitungi, na kutia mvuke. Shuleni mvuke ndio mwepesi: dakika 20 juu ya sufuria yenye maji yanayochemka, kisha kuanika kivulini mpaka vikauke kabisa. Visipokauka vinaoza, na harufu yake itawafukuza darasani. Wanafunzi wengine watauliza kama ni haki kuua. Swali hilo lisipuuzwe. Acheni vifukofuko kadhaa vitoe nondo, maana tutawahitaji.

Kuvuta uzi kunahitaji sufuria ya lita 3, kipimajoto, mswaki mgumu, kipande cha waya kilichokunjwa pete ndogo, na fremu ya mbao ambayo mzunguko wake ni sentimita 50. Tieni vifukofuko 10 kwenye maji ya nyuzi 90 kwa dakika 2 au 3, mkivizamisha kwa kijiko. Vipigeni polepole kwa mswaki. Utanasa nyuzi za juu zilizovurugika. Vuteni uchafu huo utoke mpaka kila kifukofuko kitoe uzi mmoja tu unaokuja bila kusita. Mabaki hayo yasitupwe, yanasokoteka kwa pia (kijiti cha kusokotea) kama pamba. Sasa punguzeni joto lifike nyuzi 45 hivi, unganisheni ncha 8, zipitisheni kwenye pete ya waya, zungusheni fremu. Mizunguko 100 ni mita 50.

Makosa yanayotokea yanafundisha kuliko mafanikio. Maji yakiwa ya baridi mno, gundi haiachii na uzi unakatika kila baada ya mita mbili. Yakiwa yamechemka sana au muda ukizidi, uzi unatoka kwa mafungu kama tambi. Kifukofuko kinachozama kimetobolewa. Kinachogoma kabisa, kikubwa kuliko wenzake, mara nyingi kimefumwa na viwavi wawili waliojifungia pamoja. Na kifukofuko kimoja kinapokwisha, usifunge fundo: tupia ncha ya kingine kwenye zile zinazopita, gundi yenyewe itaishika. Anayevuta lazima aone kwa jicho kwamba uzi umepungua kutoka nyuzi 8 kuwa 7, na uzi huo ni mwembamba kiasi kwamba mita 9,000 za nyuzi 8 zilizounganishwa zina uzito wa gramu 20 tu. Jambo la mwisho: uzi ukizungushwa mahali pamoja, mstari juu ya mstari, unagandana ukikauka na fremu nzima inakuwa kama ubao. Wachina waliliona hilo zamani. Qin Guan, alipoandika kuhusu hariri kiasi mwaka 1090, alieleza mtambo wenye mkono unaosogea kushoto na kulia ili uzi ulale kwa mshazari. Mwanafunzi aliyegandisha fremu yake haulizi tena mkono ule ulikuwa wa nini.

Baada ya saa moja ya kazi hiyo darasa litakuwa na mita chache za uzi wenye mafundomafundo. Huo ndio wakati wa kusoma sheria. Kitabu cha Eparki, yaani cha mkuu wa mji wa Konstantinopoli, cha mwaka 911 au 912, kimegawa biashara ya hariri katika vyama vitano: wauza uzi mbichi, watayarishaji wa uzi, wafumaji, wauza nguo za hariri, na wauza nguo zinazotoka Shamu. Wauza uzi mbichi walikatazwa kuuza kwa watakaoutoa nje ya mji. Na mtu aliyemuuza mtumwa fundi, kibarua au msimamizi wa kazi kwa wageni wa nje ya mji au dola, adhabu yake ilikuwa kukatwa mkono. Mwanafunzi ambaye hajagusa uzi ataona ukatili tu. Aliyegandisha fremu atajua walikuwa wanalinda nini: ufundi ulikuwa vidoleni mwa watu, na mtu akiondoka, ufundi umeondoka naye. Nguo nazo zililindwa. Mwaka 968 Liutprand, askofu wa Cremona, alinyang'anywa na maofisa wa mji huo nguo tano za hariri ya urujuani alizotaka kuondoka nazo, naye akaandika kwa hasira ambayo bado inasomeka.

Kutoka hapo tunafika kwenye somo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni vazi moja.

Mwaka 1147 majeshi ya Roger wa Pili, mfalme wa Sicily, yalivamia Thebes na Korintho huko Ugiriki, yakateka mafundi wa hariri na kuwapeleka Palermo, mji mkuu wa Sicily. Otto wa Freising, mwandishi wa historia wa wakati huo, ameandika habari hiyo, na kutokana nayo vitabu vingi hudai kwamba ufundi wa hariri wa Sicily ulianza hapo. Sasa waonyesheni wanafunzi picha ya joho la Roger, lililoko Vienna. Ni hariri nyekundu, upana wake karibu mita tatu na nusu, limedariziwa kwa nyuzi za dhahabu na lulu: mtende katikati, na kila upande simba aliyemwangusha ngamia. Pindo lake limezungukwa na maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi yanayosema limetengenezwa katika karakana ya kifalme, kwenye mji mkuu wa Sicily, mwaka 528. Ni mwaka wa Hijria. Zidisheni 528 kwa 0.97, ongezeni 622: inakuja 1134. Hesabu kamili ni 1133 au 1134. Yaani miaka 13 hivi kabla ya mateka wa Thebes, Palermo ilikuwa na karakana inayodarizi hariri kwa Kiarabu. Kilichoanza 1147 si ufundi. Ni kuongezwa kwa mafundi. Otto alikuwa Mjerumani anayeandika mbali na kisiwa, na Waislamu waliofanya kazi Palermo hawakuwa katika macho yake.

Vazi hilo hilo lina mtego wa pili. Huitwa joho la kutawazwa. Roger alitawazwa Krismasi ya mwaka 1130, kabla joho halijashonwa. Jina lilikuja kwa sababu wafalme wa Dola Takatifu ya Kirumi walilivaa baadaye kwenye kutawazwa kwao. Tarehe iliyoko kwenye pindo inakanusha jina lililoko kwenye lebo, na mwanafunzi wa miaka 15 anaweza kuligundua hilo kwa kalamu na karatasi.

Turudi kwenye gundi. Pimeni gramu 10 za uzi mbichi, zichemsheni taratibu kwa saa moja katika maji yenye gramu 5 za sabuni ya mche kwa kila lita, suuzeni, kausheni, pimeni tena. Zitabaki gramu 7 na nusu hivi. Uzi uliokuwa mkavu na wa kukwaruza sasa unang'aa na kuteleza. Robo ya uzito imekwenda na maji, na hapo ndipo penye udanganyifu wote: anayeuza mbichi mahali pa iliyopikwa ameuza gundi kwa bei ya hariri. Sheria za vyama vya mafundi wa miji ya Italia zilirudia rudia katazo la kuchanganya uzi uliopikwa na mbichi ndani ya nguo moja. Ukisoma sheria hizo bila kuwa na mizani utadhani ni ushupavu wa wazee. Miji hiyo nayo ilivujisha mafundi kama wengine: Lucca ilipotekwa na kuporwa mwaka 1314, wafumaji wake walitawanyika kwenda Venice, Florence na Bologna, na mwaka 1341 mtu wa Lucca alijenga huko Bologna mtambo wa kusokota hariri unaoendeshwa kwa maji ya mfereji.

Kufuma tutakupitia haraka, maana hakuna shule itakayofuma nguo ya kifalme. Kadibodi yenye nyuzi 24 za mtande (zile zinazotandwa kwa urefu) inatosha kuonyesha mshindio (uzi unaozikata kwa upana) unavyopita juu na chini. Jambo la kutazama ni picha. Chukueni karatasi ya mirabaraba, kila mraba ni uzi mmoja wa mtande unaoinuliwa au kuachwa, mwanafunzi achore tembo. Kwenye kitanda cha kufumia nguo za picha, kila safu ilihitaji kamba zake za kuinua nyuzi, na mtu wa pili wa kuzivuta. Ukichora tembo nusu ya kwanza, kisha nyuzi zile zile zikaunganishwa kwa mpangilio wa kinyume nusu ya pili, umepata tembo wawili wanaotazamana kwa kamba za mmoja. Ndiyo maana hariri za Zama za Kati zimejaa wanyama wanaokabiliana. Wachambuzi wa maana zilizofichika wataeleza mengi kuhusu uwili na mizani ya ulimwengu. Mimi naanza na kamba.

Mfano uko Louvre, Paris: kitambaa kutoka Khurasan, nchi ya mashariki mwa Uajemi, chenye tembo wanaotazamana na pindo la ngamia wa nundu mbili. Chini ya miguu ya tembo kuna maandishi ya Kikufi yanayomtakia fahari na ufanisi amiri Abu Mansur Bakhtakin, na kuomba Mwenyezi Mungu amrefushie maisha. Bakhtakin aliuawa mwaka 961. Hakuna anayemwombea marehemu maisha marefu, kwa hiyo nguo ni ya kabla ya hapo. Nayo ilihifadhiwa kwa sababu ilifungia mifupa ya mtakatifu wa Kikristo, Mtakatifu Josse, kaskazini mwa Ufaransa. Dua ya Mwislamu wa Khurasan imelala karne nyingi juu ya mifupa ya Mkristo, na wala hakuna aliyeona tatizo.

Wanafunzi Waislamu watakumbusha kwamba hariri ni haramu kwa mwanamume. Wako sahihi, na ni nafasi nzuri ya somo, kwa sababu hadithi za Mtume zinaruhusu ukanda wa upana wa vidole viwili, vitatu au vinne. Kutokana na mpaka huo mafundi walipata kazi: mapindo membamba ya hariri kwenye nguo za kitani, na kitambaa kilichoitwa mulhamu, mtande wa hariri na mshindio wa pamba, kilichoujengea sifa mji wa Merv, Asia ya Kati. Lugha yetu nayo imebakiza masalia. Tuna atlasi, tuna mahameli, tuna zari. Hata dibaji ya kitabu ni jamaa ya dibaj, hariri ya nakshi kwa Kiarabu. Ukurasa wa kwanza ulipambwa kama nguo, jina likahamia kwenye maneno.

Kwa darasa la uchumi ongezeni mkataba wa Chanyuan wa 1005. Dola ya Song ya China iliahidi kuwapa jirani zake wa kaskazini, Waliao, kila mwaka robota 200,000 za hariri na wakia za Kichina 100,000 za fedha. Robota moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Zitandikeni: kilomita 2,400, karibu kutoka Mombasa mpaka Kampala na kurudi. Kila mwaka. Hariri hapo ni pesa. Na ramani yenye mstari mmoja ulioandikwa Barabara ya Hariri itumiwe kwa uangalifu, maana jina hilo lilienezwa na Mjerumani Ferdinand von Richthofen mwaka 1877. Mfanyabiashara wa Zama za Kati asingelitambua, na njia za bahari, zile zilizotufikia sisi, hazimo kwenye mstari huo.

Kwetu pwani ushahidi upo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vivuli vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja na ndege wa dhahabu juu yake, na yeye mwenyewe alipewa shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni. Hiyo ni hariri iliyotoka nje. Lakini mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu wa Sofala (Msumbiji ya leo) walifumua nguo za buluu za Cambay, India, na kuzifuma upya pamoja na uzi wao mweupe wa pamba. Na kasisi Monclaro, aliyepita mwambao huu miaka ya 1569 na kuendelea, anasema Pate ilifuma nguo za hariri za thamani ambazo miji mingine ya pwani ilizipata kutoka huko. Pate haikuwa na misitu ya miforsadi. Basi uzi ulitoka wapi? Hilo ni swali la kuwaachia wanafunzi wakiwa na sindano mkononi. Wape kipande cha kanga na kipande cha hariri, vyote sentimita 10 kwa 10, wavifumue. Uzi wa pamba utachanika na kutoa manyoya, kwa sababu ni nyuzinyuzi fupi zilizosokotwa. Wa hariri ya kuvutwa utatoka mzima, tayari kwa kitanda kingine. Tahadhari tu: skafu nyingi za madukani zinazoitwa hariri ni poliesta. Chomeni uzi mmoja. Hariri huungua polepole, hunuka nywele, na jivu lake linasagika. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

Limebaki suala la ratiba, halafu nitapokea maswali. Kutoka yai hadi uzi ni wiki saba, kwa hiyo mayai yawe mkononi wiki ya kwanza ya muhula, na majani yawe yamekwisha kupatikana kabla ya mayai. Nondo mliowaacha watoke hawali wala hawaruki. Watapandana siku hiyo hiyo, na jike atataga mayai 300 hadi 500 juu ya karatasi mtakayomwekea. Yatazameni kwa siku tatu. Yakibaki na rangi ya manjano hafifu, ni ya aina isiyolala: yataanguliwa ndani ya siku 12 na mnatakiwa kuwa na majani. Yakigeuka kijivu, yamelala. Yawekeni ndani ya kopo kwenye friji, nyuzi 5, miezi miwili au mitatu, mbali na matunda na mboga, na yatoeni wiki mbili kabla ya darasa lijalo. Andikeni tarehe kwenye karatasi yenyewe yenye mayai, si kwenye kifuniko cha kopo. Vifuniko hubadilishana.